Kufuli Kwenye Tangi

Hadi leo nikisikia harufu ya petroli hasira hunipanda, na kwa kuwa mtu ninayestahili kumkasirikia ni mimi mwenyewe, huishia kuwafokea kuku.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanaume wanaojulikana kwa safari zao. Mimi nilijulikana kwa kiti. Kilikaa barazani, nyumba yetu ikiwa nje kidogo ya mji wa Kitale, na mke wangu alizoea kuwaambia wageni, "Mkikiona kiti na yeye hayupo, mpige ripoti polisi." Nilisoma hadi kidato cha nne. Alama niliyopata katika fizikia tuiache ilipo, lakini ilitosha kunifanya nijione mhandisi. Kuendesha gari sikujua. Nilikuwa na pikapu.

Tuliinunua mimi na mke wangu, kuukuu, ya petroli, ili itupelekee maziwa Bungoma. Kila asubuhi majirani walileta maziwa langoni, mke wangu akayapima na kuyamimina kwenye mikebe mikubwa ya aluminiamu, kisha ndugu yake akaondoka nayo kupitia Kimilili hadi kwenye hoteli ndogo ndogo za Bungoma zinazopika chai kutwa nzima. Huyo ndugu yake, shemeji yangu, alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka thelathini. Aliacha shule darasa la saba, akajifunzia gari kwenye trekta za kubeba miwa. Mwaka huo alikuwa amemchumbia binti mmoja wa Kabuchai, mwalimu wa chekechea, na wazazi wa binti walikuwa wamekubali aje na watu wake mwezi wa Desemba. Msemaji wa watu hao nilichaguliwa mimi, kwa sababu ya kile kidato cha nne.

Mambo yakaharibika kuanzia kwenye tangi. Tangi likijazwa lilikuwa likitupeleka Bungoma na kurudi mara tatu. Ghafla likawa linafika mara mbili tu, mshale ukiwa chini kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kulipa na kusimamia shemeji akijaza, kwa sababu kituo cha petroli kilikuwa hapo kwenye njia panda na ningeweza kufika na kandambili. Wiki ya kwanza nilidhani nimekosea. Wiki ya pili nikaanza kununa.

"Shemeji," aliniambia siku moja akishusha mikebe mitupu, "hii gari inakimbia baridi. Tangu fundi atoe kile kitu, mshale wa joto haupandi."

"Gari likiwa baridi si ndiyo vizuri? Injini inapumzika."

"Haipumziki. Inakunywa."

Nikacheka. Sasa mtu wa darasa la saba anifundishe mimi habari za joto!

Kile kitu alichokitaja ni thamostati. Ni kidude kidogo chenye sipringi, kinakaa pale maji ya rejeta yanapopitia. Injini ikiwa baridi kinaziba njia ili ipate joto haraka. Ikishapata joto, kinafungua. Miezi michache kabla ya hapo pikapu ilikuwa imechemka kwenye mlima, na mimi, kwa mara moja, nikaondoka kwenye kiti changu nikaenda nayo, shemeji akiendesha, kwa fundi wa gereji ya wazi karibu na Kipsongo. Fundi akakuta mpira wa rejeta umepasuka, akaubadilisha. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote. Lakini fundi wa kwetu haridhiki mpaka akupunguzie kitu. Akaitoa thamostati na kuitupa kwenye mkebe wa misumari.

"Hii ni ya Ulaya, mzee," akasema. "Kule kuna barafu. Huku Afrika gari inataka maji itembee tu."

Aliyasema hayo akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu iliyomfunika masikio, maana ilikuwa asubuhi ya Kitale, na asubuhi ya Kitale hata ng'ombe hutoa moshi mdomoni. Nami nilikuwa na sweta mbili. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwongezea na maneno mawili matatu ya fizikia, kwa Kiingereza, kuthibitisha kwamba amefanya vizuri.

Kwa hiyo shemeji aliponiambia gari linakimbia baridi, alikuwa akinikosoa mimi. Sikupenda. Nikaanza uchunguzi wangu mwenyewe.

Nilitandaza katoni chini ya tangi ili nione kama linavuja. Asubuhi katoni ilikuwa kavu, isipokuwa mahali ambapo jogoo alikuwa ametoa maoni yake. Nikafungua plagi: nyeusi tititi, kama zimepakwa masizi ya sufuria. Mtu mwenye akili angejiuliza masizi hayo yametoka wapi. Mimi nilizisugua na brashi ya waya, nikazirudisha na kujipongeza. Nikapiga vumbi chujio la hewa. Nikamwagiza shemeji ajaze upepo magurudumu. Nikanusa kabureta, nikapiga chafya. Petroli ikaendelea kuisha.

Basi nikakaa kwenye kiti changu nikafikiri kama mtu aliyesoma. Petroli haivuji. Plagi ni safi. Hewa inaingia. Petroli haipai mbinguni. Kama gari halili, basi kuna mtu anayekula. Siku hiyohiyo nikachungulia chini ya kiti cha dereva nikakuta kipande cha mpira mwembamba, urefu wa mkono.

"Huu ni wa nini?"

"Wa kutoa maji kwa mtungi, shemeji. Nikitaka kuongeza rejeta."

"Ahaa. Maji."

"Maji, eeh. Kwani?"

Nikaurudisha ule mpira mahali pake. Laiti ningeendelea kunyamaza! Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wamepanga foleni langoni na ndoo zao, mama mmoja akauliza kwa utani kwa nini uso wangu umekunjamana kama andazi la jana. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwachekesha watu: "Shemeji yangu tayari ana bibi. Anaitwa Petroli. Anamnyonya kila siku kwa mpira."

Walicheka sana. Nilijisikia mchangamfu siku nzima.

Yule mama alikuwa na dada aliyeolewa Kabuchai.

Sikujua hilo, na hata ningejua, nadhani ningesema tu, maana wakati huo hasira yangu ilikuwa tamu kama muwa. Nilikuwa na haki! Mtu ambaye haendi popote hana nafasi nyingi za kuwa na haki, akiipata moja huitafuna mpaka kwenye fundo. Nikaenda mjini (mara ya pili mwaka huo) nikanunua kifuniko cha tangi chenye kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye uzi, nikauvaa shingoni.

Shemeji alikitazama kile kifuniko muda mrefu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya vumbi."

"Vumbi," akasema. Akaingia kwenye gari akaondoka.

Mke wangu hakunyamaza. "Umemfungia ndugu yangu kufuli?"

"Nimelifungia tangi."

"Tangi haina mama, baba watoto. Yeye ana mama, na huyo mama ni wangu pia. Nitamwambia nini?"

"Mwambie petroli inaisha."

"Na ubongo je? Huo nimwambie uliisha lini?"

Siku ya pili ya kufuli, shemeji alirudi kutoka Bungoma akasimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa amepitia Kabuchai. Baba wa yule binti alikuwa amemwambia, wakiwa wamesimama njiani, hata kiti hakupewa, kwamba ile siku ya Desemba imesimamishwa. Wamesikia kwamba anaiba. Wamesikia anamwibia mume wa dada yake, na mtu anayeibia nyumba ya dada yake ataiachia nini nyumba ya wakwe?

"Umenimaliza, shemeji," akasema. "Gari yako ni mgonjwa, mimi ndiye nimelazwa."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilikasirika zaidi. Nilimwona machozi yakimlengalenga nikajiambia moyoni: hata wezi hulia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nikamjibu kwamba mtu msafi haogopi kufuli, na kwamba tusubiri, tangi litasema lenyewe.

Tangi likasema baada ya siku mbili. Nilikuwa nimejaza juzi yake, nikafunga, nikapiga hesabu: kwa kuwa sasa hakuna wa kunyonya, petroli hiyo itatosha safari tatu kama zamani. Basi sikuona haja ya kwenda kuongeza. Asubuhi ya safari ya tatu, nikiwa kwenye kiti na kikombe cha chai, simu ikalia.

"Shemeji, gari imezima. Petroli imeisha. Niko mbele kidogo ya Kamukuywa. Kuna mtu hapa ameniletea petroli kwa jerikani."

"Sasa si umimine?"

Nikasikia akigonga kifuniko cha tangi.

"Nimimine wapi?"

Nikaushika ule ufunguo shingoni. Ulikuwa na joto la mwili wangu.

Sitaeleza jinsi nilivyofika Kamukuywa. Itoshe kusema ilichukua muda ambao maziwa hayana. Jua lilikuwa limeshapanda. Pikapu ilikuwa kando ya barabara, mikebe nyuma imefunikwa kwa majani ya migomba, shemeji amekaa juu ya jiwe. Hakuinuka. Watu wa pale walikuwa wameshasimuliwa kila kitu, au walikuwa wamejisimulia wenyewe.

"Huyu ndiye mwenye ufunguo!" akapiga kelele mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. "Mzee, kwani unatembea na tangi shingoni?"

"Mwacheni bana," mwingine akadakia. "Si mnajua petroli ni kama bibi. Ukiwa na wivu unafunga."

"Sasa amefungia maziwa. Hebu fungua hiyo mkebe tuone kama imeshakuwa mala!"

Ilikuwa imeshakuwa. Si yote, lakini mikebe miwili ilikuwa imeanza kuganda. Mke wangu alinipigia simu nilipokuwa nikichungulia ndani. Nikamweleza. Akasema, "Fizikia yako imetengeneza mala," akakata.

Nikaenda kwenye tangi. Nikainama nikaikagua kufuli nione mikwaruzo, alama ya bisibisi, chochote. Hakukuwa na hata nukta.

"Angalia vizuri," shemeji akasema kutoka kwenye jiwe lake. "Angalia na chini. Labda nilitoboa."

Nikapiga magoti nikaangalia chini. Mbele ya watu wote wale, kweli nikaangalia chini ya tangi! Lilikuwa na vumbi tupu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu usiku na mchana, kufuli haikuguswa, na petroli imeisha. Hapo hata mtu wa fizikia yangu hana pa kukimbilia.

Niliposimama, shemeji alikuwa ameinuka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Leo utakaa mbele," akasema. "Hutaongea. Utaangalia mshale wa joto."

Alimimina petroli, akawasha, tukaenda mwendo mrefu kabla hajaniruhusu kufungua mdomo. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kama mgonjwa. Tulipanda mlima na mzigo wote ule, haukunyanyuka hata upana wa ukucha. Akasimamisha gari, akaniita nyuma bila kuzima injini. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka kwenye ekzosi, unawasha macho, unanuka petroli mbichi.

"Hiyo ndiyo petroli yako. Unaiona? Hiyo ndiyo nimekuwa nikiiba."

Kisha akachukua katoni iliyokuwa nyuma ya kiti, akaikunja, akaichomeka mbele ya rejeta, akaziba zaidi ya nusu yake. Tukaondoka tena. Hatukuwa tumefika mbali mshale ukaanza kupanda. Taratibu, halafu ukatulia katikati, mahali ambapo sikuwa nimeuona tangu siku ya gereji. Hata mlio wa injini ulibadilika. Ule ungurumaji mzito ukapungua. Aliposimamisha mara ya pili, ekzosi ilikuwa inatoa kitu kidogo tu, chepesi.

Tulipoondoka tena ndipo akanieleza, akitazama barabara, bila kunitazama mimi. "Injini ikiwa baridi, choki inafunga hewa. Hewa kidogo, petroli nyingi, ndiyo iwake. Ikipata joto choki inafunguka yenyewe. Sasa hii ilitolewa kile kitu. Maji inazunguka tu ikipoa kwa rejeta, joto haifiki. Choki inangoja joto asubuhi mpaka jioni. Inakunywa kutwa nzima kama imeamka sasa hivi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikanyaga breki ghafla hivi kwamba mikebe iligongana nyuma.

"Nilikuambia! Siku ya kwanza! Nikakuambia inakimbia baridi. Ukacheka."

Nilikuwa nimecheka, ndiyo.

Tulifika Bungoma na maziwa nusu. Kwa ile katoni, tangi lililofuata lilitupeleka mara tatu, na likabakisha. Nikaenda kwa fundi nikiwa nimejaa maneno. Nilimkuta na kofia yake ileile ya sufu.

"Ulinitolea kitu cha maana kwenye gari langu!" nikamfokea. "Umeniharibia nyumba!"

"Mzee, si ni wewe ulinieleza na kizungu kwa nini itoke?" akasema. "Mpaka mimi nikasema, kumbe hata wasomi wanajua hii maneno. Sasa hivi nikitoa ya mtu, nasema vile ulisema."

Kwa hiyo kuna magari mengine pale Kitale yaliyokunywa petroli kwa maneno yangu. Tulitafuta thamostati nyingine, shemeji akaifunga mwenyewe. Alikataa fundi aiguse, akakataa na mimi nimshikie spana.

Gari likapona. Desemba ilikuwa inakaribia na neno langu lilikuwa bado liko Kabuchai, linakula na kulala huko. Shemeji hakuniomba kitu. Mke wangu ndiye aliyenitoa kwenye kiti. "Ulilisema kwa mdomo," akasema, "utaenda ulitoe kwa mdomo. Na usiende na mdomo wa fizikia."

Tukaenda, mimi na shemeji. Baba wa binti alikuwa mkulima wa miwa, mtu mfupi, mkono mmoja umefungwa kitambaa kwa jeraha la panga. Mkewe alileta chai akaiweka mezani akakaa pembeni. Sikuigusa. Nikaanza kueleza habari za choki, na maji, na jinsi joto linavyosafiri, mpaka nikafika kwenye sipringi.

"Ngoja," mzee akasema. "Sikukuuliza gari. Huyu mtu aliiba ama hakuiba?"

"Hakuiba, mzee."

"Ulimwona siku yoyote akinyonya?"

"Hapana."

"Alikuambia shida ya gari ni nini?"

"Aliniambia."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na wewe ukafanya nini?"

Nikatazama ile chai. "Nikanunua kufuli."

Mama wa binti akasonya, sonyo refu, la kutoka tumboni. "Mwezi mzima," akasema. "Mwezi mzima mtoto wangu anaenda shule na watu wanamwangalia ati ni mchumba wa mwizi. Halafu unatuletea sipringi!"

Nilitaka kukasirika. Nilizoea kukasirika, mwili ulikuwa tayari, masikio yameshapata moto. Nikakosa pa kuanzia. Nikasema, "Nisameheni," na nikaona jinsi neno lenyewe lilivyo dogo ukiliweka karibu na lile la kwanza.

Mzee akamgeukia shemeji. "Watu wako waje, siku ileile. Lakini huyu asiwe msemaji. Hata asije. Nikimwona hapa siku hiyo nitakumbuka mambo, na siku ya mtoto wangu sitaki kukumbuka mambo."

"Ndiyo, baba," shemeji akasema. Hakunitetea. Sijui kwa nini nilitegemea angenitetea.

Siku hiyo ikafika. Mke wangu, mama yake na wajomba wawili walipanda pikapu wakiwa wamevaa vizuri, shemeji akiwa kwenye usukani na shati jipya. Mara yangu ya kwanza kutamani kwenda mahali, nikaambiwa nibaki nyumbani. Nilikaa kwenye kile kiti changu nikakiona kigumu. Ng'ombe hawajui posa, kwa hiyo asubuhi ile watu walikuja na maziwa kama kawaida, ingawa walikuwa wameambiwa leo hakuna gari. Niliyachukua ya wachache ya kunywa nyumbani.

Yule mama mwenye dada Kabuchai alikuwa miongoni mwao.

"Na wewe? Huendi na wenzako?"

"Nimekatazwa."

"Heh! Kwa nini?"

Nikasimama. Nilimjibu kwa hasira kana kwamba ni yeye aliyenikosea, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa langoni. "Kwa sababu nilisimama hapa nikasema uongo. Yule mtu hakuiba hata tone. Gari lilikuwa bovu, na aliyeliharibu ni mimi. Aliniambia ukweli nikamcheka. Kasemeni hivyo. Nisemeni mimi."

Hawakucheka. Mmoja alikohoa. Yule mama alinitazama, akainua ndoo yake, akaipangusa chini kwa kiganja.

"Haya, tumesikia," akasema. "Lakini baba, habari ile ya kwanza ilikuwa na miguu. Hii sijui kama itavuka hata barabara."